Maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Shauri la Mafunzo ya Watoto

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Sifa zote njema ni zake, na sala na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Katika watu wa pwani waliotumikia dini kwa kalamu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa ni katika wale wasiosahauliwa. Watu wengi wamjua kwa ukadhi wake, na wengine kwa magazeti yake. Walakini iko kazi yake nyingine ambayo hutajwa kidogo, nayo ni fikira aliyoitumia kwa ajili ya mtoto mdogo aketiye juu ya mkeka wa chuoni na ubao wake mapajani: asome nini kwanza, na maana ya hicho akisomacho apewe lini. Kitabu hiki kidogo chaeleza maisha ya Sheikh kwa upande huo, ili kila mzazi apate kupima mambo ya watoto wake.

KUZALIWA NA KULELEWA KWAKE

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika kabila la Mazrui, ambao walitawala mji ule hata mwaka 1837 ulipoingia katika mikono ya Sayyid Said bin Sultan. Baada ya kuondokewa na dola, wako katika kabila hilo walioshika ilimu, na utukufu wao ukawa katika misikiti na vitabu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi, alikuwa mwanachuoni mkubwa aliyejulikana Mombasa na Unguja, na katika zama za Sayyid Barghash alionja hata kifungo. Alifariki mwaka 1894, na mwanawe hajatimiza miaka minne.

Yatima yule alilelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali bin Khamis Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kwake ndiko alikosoma ilimu za dini na lugha ya Kiarabu. Basi Al-Amin alikuwa na bahati ambayo watoto wengi wa rika lake hawakuipata: mtu aliyemlea ndiye aliyemfundisha, na nyumba aliyolala ndani yake ilikuwa na vitabu. Alipofunza herufi hakuachwa na herufi tu. Alikuwapo mtu wa kumwambia herufi zile zasema nini.

DESTURI YA CHUONI

Ili kazi ya Sheikh ifahamike, yafaa kukumbuka mafunzo ya watoto yalivyokuwa pwani katika siku zile. Mtoto alipelekwa chuoni angali mdogo. Mwalimu humwandikia herufi ubaoni, naye huzitamka moja moja, kisha huzijua pamoja na irabu zake, kisha huendeleza maneno, hata akaingia katika juzuu ya Amma na kuanza sura fupi. Wenzake wasoma kwa sauti pande zote, kila mmoja mahali pake, na mwalimu asikia kosa la huyu na la yule. Mtoto akimaliza msahafu huambiwa amehitimu, na wazee wake hufanya karamu na kumpa mwalimu haki yake.

Desturi hiyo ina faida kubwa, na Sheikh hakuidharau hata siku moja. Kumbukumbu ya mtoto ni kali. Lile aliloingizwa kifuani akiwa na miaka saba hulikuta akiwa na miaka sabini, na sala yake haisihi bila ya kisomo. Tena matamshi ya Kiarabu huingia katika ulimi laini kwa wepesi kuliko ulimi uliokwisha kuwa mgumu. Chuo vilevile kilifundisha heshima, saburi, na kukaa mbele ya mwalimu.

Lakini aghalabu ya watoto waliohitimu walitoka chuoni hawajui maana ya sura hata moja katika walizozisoma. Aliyekuwa na nafasi alikwenda darasani msikitini, akasoma fikihi na nahau kwa mashekhe, na huko maana zikamfungukia. Hao walikuwa wachache. Walio wengi walishika nyavu, au jahazi, au duka, au shamba, na khitima yao ikawa ndio mwanzo na ndio mwisho. Mlango walipewa, nyumbani hawakuingia.

SHAURI LA WANAVYUONI WA ZAMANI

Msomaji asidhani kwamba shauri hili lilizaliwa Mombasa. Wanavyuoni wakubwa wamelitazama tangu zamani, na hawakuafikiana katika jawabu.

Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, ameandika katika Ihyau Ulumi-d-Din kwamba itikadi ya dini hupewa mtoto kwanza kwa kuhifadhi, na ufahamu wake humjia baadaye kidogo kidogo kwa kadiri akuavyo. Kwa hivyo kuhifadhi kabla ya kufahamu si aibu kwake. Ni mpangilio wa umri.

Baada yake Kadhi Abu Bakr ibn al-Arabi wa Andalusi, aliyekufa mwaka 1148, alichukua njia nyingine. Yeye aliona kwamba mtoto atangulizwe lugha ya Kiarabu na mashairi, kisha hisabu, ndipo aingizwe katika Kurani, kwa kuwa wakati huo atakisoma Kitabu hali akifahamu.

Akaja Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliyetunga Muqaddima yake mwaka 1377, akayakusanya mambo ya nchi mbalimbali. Ameeleza kuwa watu wa Maghribi waliwafundisha watoto Kurani peke yake na namna ya kuiandika, wasichanganye na kitu kingine, na kwa hivyo wengi wao walibaki dhaifu katika lugha. Watu wa Andalusi walichanganya Kurani na mashairi na insha na khati nzuri, na watoto wao wakawa hodari wa kalamu, ila ilimu nyingine za dini zikawapungukia. Ibn Khaldun ameisifu rai ya Kadhi Abu Bakr. Kisha amesema kuwa mazoea ya watu hayaikubali, na sababu yao si ndogo: mtoto angali katika mkono wa baba yake hutii, lakini akibaleghe huenda akaiacha ilimu kabla hajaifikia Kurani, akaikosa kabisa. Kama ingelikuwa yakini kwamba mtoto ataendelea kusoma, rai ya Kadhi ingelikuwa bora.

Neno hilo la mwisho ndilo fundo la mambo. Yule atakayeendelea aweza kungojea. Yule atakayekatika njiani apewe nini kabla hajakatika? Sheikh Al-Amin aliikuta pwani imejaa watoto wa namna hii ya pili.

UNGUJA NA VITABU VYA MISRI

Katika ujana wake Sheikh alikwenda Unguja, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na kwa Sheikh Abdallah Bakathir, mabahari wawili wa ilimu waliofariki wote katika mwaka 1925. Unguja ya zama zile ilikuwa kituo cha wanavyuoni wa pwani yote, tangu Lamu hata Ngazija. Humo alithibiti katika fikihi na hadithi na tafsiri.

Kisha alisoma maandishi ya Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, na gazeti la Al-Manar la Sayyid Rashid Rida lililotoka Cairo. Watu hao walikuwa wakisema kwamba udhaifu wa Waislamu umetokana na kuiacha ilimu, na kwamba taratibu ya mafunzo yafaa kutengenezwa ili mwanafunzi afahamu asomalo. Sheikh aliyachukua maneno hayo akayapima kwa hali ya watu wake. Hakuleta Mombasa masomo ya Misri kama yalivyo. Aliuliza mtoto wa Kiswahili, ambaye Kiarabu si lugha ya mamaye, apite njia gani.

HATARI MBILI

Kwa upande mmoja kulikuwa na chuo kisomeshacho herufi bila ya maana. Kwa upande wa pili kulikuwa na shule ya serikali. Mwaka 1912 serikali ya Kiingereza ilifungua shule Mombasa kwa watoto wa Kiarabu, na watoto wakaanza kujifunza mambo ya kuwapatia kazi maofisini. Wako wazee walioiogopa shule ile wakawazuia watoto wao, na wako vijana walioipenda hata wakakiona chuo kuwa ni kupoteza wakati.

Sheikh hakuwa pamoja na hao wala hawa. Aliandika mara nyingi kwamba Waislamu wamebaki nyuma katika ilimu za dunia, na kwamba kuziacha ni kujitia katika unyonge. Papo hapo aliwaonya wale waliodhani kwamba maendeleo ni kuiga mavazi na mazoea ya Wazungu, hali ile ilimu iliyowapa Wazungu nguvu hawaitafuti. Mtoto ajuaye hisabu na Kiingereza asijue dini yake, na mtoto aliyehitimu msahafu asijue maana ya Fatiha, kwake wote wawili walikuwa wamepewa nusu. Wala hakusema hayo kwa watoto wa kiume peke yao. Aliwahimiza watu wasiwaache watoto wa kike katika ujinga, kwa sababu mama ndiye mwalimu wa mwanzo.

Likatokea jambo lililoonyesha kwamba kukawia kuna hasara. Mwaka 1923 padri Godfrey Dale, wa misheni ya Kiingereza iliyokuwa Unguja, alitoa tarjuma ya Kurani nzima kwa Kiswahili. Basi Mswahili aliyetaka kujua Kitabu chake chasema nini kwa lugha yake, kitabu kizima alichokikuta kilitoka kwa padri, na maelezo yake ni ya padri. Waislamu walikuwa na wanavyuoni wenye uwezo wa kuifanya kazi hiyo, na hawakuwa wameifanya. Mtoto aliyenyimwa maana nyumbani haachi kuwa na kiu. Atakwenda kunywa popote apatapo maji.

MAGAZETI NA VITABU VYA WATOTO

Mwaka 1930 Sheikh alianzisha karatasi ndogo aliyoiita Sahifa, akiandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ili mtu aliyesoma chuoni tu apate kuitumia ilimu yake ile. Katika jambo hili mna hekima. Maelfu ya watu wa pwani walijua herufi, na hawakuwa na cha kusoma kwa herufi hizo ambacho watakifahamu. Sahifa iliwapa. Mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Makala zake katika magazeti hayo baadaye zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, kilichopigwa chapa Mombasa mwaka 1944.

Kisha aliwageukia watoto wenyewe. Mwanachuoni wa daraja yake angaliweza kutunga vitabu vikubwa kwa Kiarabu visomwe na wanavyuoni wenziwe, na kweli aliandika kwa Kiarabu tarikhi ya kabila lake la Mazrui. Lakini sehemu kubwa ya nguvu zake aliitia katika vitabu vidogo vya Kiswahili, kama Dini ya Islamu, na kitabu cha kuwaongoza watoto alichokiita Hidayatu-l-Atfal. Mzee aliyezama katika Ihya na sherehe za fikihi kukaa kitako na kutafuta maneno mepesi ya kumweleza mtoto nguzo za dini, hiyo si kazi ndogo. Mambo mengi akiyajua mtu, huwa vigumu kuyasema machache.

Katika vitabu hivyo ndimo lilimo jawabu lake kwa shauri la wanavyuoni wa zamani. Alimwacha mtoto aanze na herufi na kuhifadhi, kama alivyotaka Ghazali na kama ilivyo desturi. Wala hakumngojeza mpaka ajue Kiarabu ndipo afahamu, kama ilivyolazimu katika njia ya Kadhi Abu Bakr. Alimpa maana katika lugha anyonyayo kwa mamaye, tangu mapema, pamoja na kisomo chake. Kwa hivyo atakayeendelea ameukuta msingi, na atakayekatika njiani kwenda baharini au shambani amekwenda na kitu cha kumfaa.

SHAURI LA HERUFI

Watu wengine wakisikia mtu asema juu ya maana hudhani kwamba amedharau herufi. Sheikh alifanya kinyume cha hayo. Alizitazama herufi kwa uangalifu kuliko wengi waliozisomesha.

Herufi za Kiarabu hazikutungwa kwa sauti za Kiswahili. Kiarabu hakina herufi za p, ch, g na v kama zitamkwavyo pwani, na irabu zake fupi ni tatu, hali Kiswahili kina tano. Katika maandishi ya zamani baba na papa viliweza kuandikwa sawasawa, na kadhalika kuku na koko. Mtu mzima alisoma kwa kukisia, kwa kuwa neno alilijua kabla ya kuliona. Mtoto hana makisio hayo. Yeye hutazamia herufi imwambie neno, na herufi ikiwa na njia mbili hupotea. Sheikh alitengeneza taratibu ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu iliyotia alama za kupambanua sauti hizo, ili kila sauti iwe na herufi yake.

Hapa yaonekana kwamba mambo mawili haya, herufi na maana, hayakuwa na ugomvi kwake. Herufi iliyo wazi huharakisha maana, na maana iliyofahamika humpa mtoto hamu ya kurudi kwenye herufi. Mwalimu anayechagua moja na kuiacha nyingine, hata hiyo aliyoichagua haitengenei.

UKADHI WAKE NA KUFA KWAKE

Mwaka 1932 Sheikh alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937, alipofariki Sheikh Suleiman aliyemlea, yeye alishika mahali pake akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kazi ya ukadhi ni nzito, nayo hula siku za mtu. Juu ya hivyo hakuacha kusomesha, na wanafunzi wake waliichukua kazi yake. Katika hao alikuwamo Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye naye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na alikuwa mwandishi wa Kiswahili kama mwalimu wake.

Kazi aliyoitamani kuliko zote ilikuwa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, itakayompa Mwislamu wa pwani maana ya Kitabu chake kutoka kwa mwanachuoni wa dini yake. Aliianza, na umri haukumngoja. Alifariki mwaka 1947, naye ana miaka hamsini na kitu. Sehemu za mwanzo za tafsiri hiyo zilipigwa chapa miaka mingi baada ya kufa kwake, kwa juhudi ya Sheikh Muhammad Kasim. Na mwaka 1969 Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja alitoa Kurani Takatifu, tarjuma na maelezo ya msahafu mzima kwa Kiswahili. Basi pengo lililoonekana mwaka 1923 lilizibwa na wanavyuoni wa pwani wenyewe, na Sheikh Al-Amin ni katika waliofungua njia hiyo.

FAIDA YA KISA HIKI

Shauri alilolishughulikia Sheikh halikufa pamoja naye, wala halikubaki pwani. Dini na Kiswahili vilifika Ujiji pamoja na misafara ya karne ya 19. Leo mtoto wa nchi ya juu ya Kigoma, katika Kasulu na Kibondo na hata Kagerankanda, husema Kiha nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili shuleni, na aliye Mwislamu husoma Kiarabu katika madrasa. Mtoto wa Mombasa ana daraja moja ya kuvuka baina ya herufi na maana. Huyu ana mbili. Na mwaka 2015 serikali ya Tanzania ilipoanza mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliotilia nguvu kusoma, kuandika na kuhesabu, swali lilikuwa ni lile lile kwa sura nyingine: mtoto ashikizwe misingi kwa kadiri gani, na mambo ya ndani aonjeshwe lini.

Jawabu la Sheikh lafaa kupimwa na kila baba. Asimwondoe mtoto katika herufi na hifadhi kwa kudhani kwamba ni mambo ya kizamani, maana asiyejua kusoma hana ufunguo. Wala asitosheke na karamu ya khitima, akadhani kwamba kazi imekwisha. Jioni moja moja, baada ya sala ya magharibi, amwulize mwanawe katika sura aliyoisoma siku ile mna habari gani. Na mtoto akinyamaza, ajue kwamba kunyamaza kule si kosa la mtoto peke yake. Ikiwa baba mwenyewe hajui, basi vitabu vidogo vya Kiswahili viliandikwa kwa ajili yao wote wawili, na si aibu mzee kusoma pamoja na mwanawe.

Wahyi wa kwanza uliomshukia Mtume katika pango la Hira ulianza kwa amri ya kusoma, na papo hapo ukataja kalamu, na mwanadamu kufundishwa yale asiyoyajua. Kusoma na kujua vimekuja pamoja tangu siku ile. Aviunganishaye kwa mtoto mmoja ameitenda sunna njema, na avitenganishaye amekata kilichoungwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ailaze roho yake mahali pema, na awape watoto wa Waislamu ilimu yenye kuwafaa. Amin.